Geuza Mkono, Zubeda

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama wima uani kwetu Korogwe, nasema kwa sauti ya kutosha, na hakuna anayenisikia.

Mama yangu amelala ubavu juu ya mkeka, anachambua mchele. Ungo umesimama kwa ukingo wake na punje hazidondoki. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Mama Shekilindi amelala ubavu mbele ya kibanda chake cha mkaa, na mteja wake amelala ubavu vilevile, wanabishana kwa utulivu. Moshi wa jikoni haupandi juu. Unatoka mlangoni, unashika njia, unaelekea barabarani kama mtu mwenye shughuli zake.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. Kijiwe kikaenda zake kwa ubavu.

Nikarudia, safari hii kwa sauti ya kutangazia msiba. Nikasogea mpaka nikamsimamia kichwani. Akainua macho, akaangalia pale nilipo kama mtu anayekisia iwapo mvua itanyesha, akarudi kwenye mchele wake.

Kabla sijaendelea, niseme nilikuwa natafuta nini, maana asiyenijua atadhani nilikuwa na njaa. Nilikuwa natafuta jina la mtoto.

Dada yangu Siwatu, anayeishi Songea na mumewe, amejifungua mtoto wa kike. Mama alikwenda kumtazama mzazi, akarudi ananukia mafuta ya nazi na hiliki, akanieleza kila kitu: mtoto ana nywele, mtoto ana hasira, mtoto ana vidole virefu. Jina akakataa kunitajia. Ameapishwa. Shangazi zangu wote wameapishwa. Hata mke wa mjomba, ambaye hajawahi kuweka siri tangu aolewe, hii ameiweka. Dada amesema jina hilo nitalisikia kinywani mwake yeye, siku nitakapomwomba radhi, na namba yangu ya simu ameifungia. Nikipiga, simu inaniambia kwa upole kwamba mteja hapatikani, ilhali mama akipiga kwa simu yake anapatikana mpaka anachoka.

Kwa hiyo imebaki njia moja tu, nayo ni setilaiti.

Mimi na dada ni watu wa redio ya ridhaa, yaani tunazungumza hewani kwa kupenda, bila mshahara wala kituo. Alianza yeye, chuoni, na mimi nikamfuata chuo hichohicho, nikiapa kwamba simfuati. Kuna setilaiti ndogo, ukubwa wake kama mkate wa boflo, inayopita juu ya nchi yetu kila siku. Tumeipa jina la Kisanduku. Kikichomoza, unashika redio ya mkononi kwa mkono mmoja na antena kwa mkono wa pili, unakilenga, unasema, nacho kinarudisha sauti yako chini kwa kila aliye chini yake: Songea, Lubumbashi, Nairobi, wote kwa wakati mmoja. Kikizama upande wa pili, mazungumzo yamekwisha. Kisanduku hakina kitufe cha kumfungia mtu, na hilo ndilo nililokuwa nalitegemea.

Sasa ugomvi wenyewe. Siku hiyo nilikuwa nasikika kwa vipande. Dada, mimba yake imekwishamfika kidevuni, akasema mbele ya watu wote wa hewani, "Geuza mkono, Zubeda."

Lilikuwa neno la kitaalamu. Wimbi la redio lina mkao wake: kuna linalosimama na kuna linalolala. Kama wimbi limelala na antena yako imesimama, hupati kitu, hata ukilenga vizuri kama mwindaji. Na Kisanduku huko juu kinabiringika, kwa hiyo mkao wa wimbi lake haukai hali moja. Aliye chini hana budi kuzungusha kifundo cha mkono, alaze antena, aisimamishe, ailaze tena, mpaka sauti ipate nguvu. Mambo haya ninayajua. Nina stashahada. Niliyafanyia mtihani nikafaulu vizuri.

Lakini mimi sikusikia neno la kitaalamu. Nilisikia sauti ileile iliyoniambia geuza mkono nikisugua sufuria, geuza mkono nikifagia, geuza mkono nikijifunza kuandika herufi. Nikamjibu, kwa Kiswahili kisicho na doa, kwamba yeye kazi yake ni kuamrisha tu, na kwamba huko tumboni atazaa mwenyekiti.

Maneno mengine yote ya siku hiyo yalikatikakatika. Hayo yalipita mazima. Tangu hapo watu wa redio kuanzia Lubumbashi mpaka Nairobi wanamwita dada yangu Mama Mwenyekiti, na dada yangu ananiita kwa jina ambalo mama hataki kulirudia.

Basi narudi uani.

Nikiwa nimemsimamia mama, naona cheti changu cha stashahada kinaning'inia hewani, pale ambapo sebuleni pangekuwa ukuta. Kimekaa upande, kama siku zote. Nainamisha kichwa ili nikisome, na kichwa kilipofika upande huo, cheti kikaanza kusikika, katikati ya sentensi.

"...na shingo inaniuma," kikasema.

"Sikusikia mwanzo," nikakiambia.

"Nimekuwa nikisema tangu uliponitundika. Ulitumia msumari mmoja."

Kikanieleza kwamba tangu asubuhi kuna sheria mpya. Sauti haiingii sikioni ila mkao wa msemaji uwe sawa na mkao wa msikilizaji. Aliyelala anasikiwa na aliyelala. Aliyesimama anasikiwa na aliyesimama, akimpata. Nikakiuliza sheria hiyo ilitangazwa lini, maana mimi ni mtu ninayefuatilia matangazo.

"Ilitangazwa wakiwa wamelala," cheti kikasema. "Wewe ulikuwa umesimama."

Nikapendekeza mtaa mzima usimame, tumalize. Cheti kikasema wao ni mtaa na mimi ni mmoja. Nikainua shingo ili nikijibu kwa hadhi, na papo hapo kikatoweka masikioni. Niliona midomo ya mhuri ikisogea tu.

Mlangoni kulikuwa na Bwana Mhando, ambaye aliwahi kuleta posa kwetu. Ameegemea hewa, hakusimama wala hakulala, yuko katikati kabisa kama ngazi. Na huyu tukasikilizana kwa mbali. Akaniambia amechagua mkao wa katikati kwa sababu namna hiyo mtu humsikia kila mtu, ila nusu. Nikamwuliza kama alisikia jibu la posa yake.

"Nusu," akasema. "Nikachukua nusu nzuri."

Akanishauri niegemee kama yeye, labda jina la mtoto litanifikia japo kwa unyonge. Nikamwambia mimi siishi nusu. Akatikisa kichwa kwa furaha. Bila shaka alisikia nusu.

Nikakumbuka kwamba nina antena. Iko mkononi tayari, imo mkononi mwangu tangu mwanzo wa ndoto, nimeishika wima kama askari aliyeshika bunduki kwenye gwaride. Niliitengeneza mwenyewe, kwa kipande cha bomba la maji na vijiti vya futi ya chuma, ile ya mafundi seremala inayochomoka na kurudi. Nilikata futi vipande, nikavifunga kwenye bomba kimoja mbele ya kingine, na namba zake bado zinaonekana.

Vijiti vikaanza kunung'unika. Kile cha nyuma, kirefu kuliko wenzake, ndicho kilichokuwa msemaji wao.

"Tumechoka kusimama," kikasema. "Sisi ni futi. Kazi ya futi ni kwenda panapopimwa. Umewahi kuona fundi anapima urefu wa kitanda kwa kusimamisha futi?"

Nikakijibu kwamba kwenye mtihani niliandika kuwa antena iliyosimama ni sahihi kwa mawasiliano ya ardhini.

"Hapa ni ardhini?" kikauliza.

Nikatazama chini. Hapakuwa ardhini. Ua umekwenda, mama amekwenda na mchele wake, na mimi nimesimama kwenye ujia mrefu wa chuo chetu, siku ya mtihani wa vitendo. Mwisho wa ujia kuna mlango. Mlango umelala sakafuni, na kwa maandishi makubwa umeandikwa: MTAHINIWA ABISHE HODI.

Nabisha hodi. Nabisha kwa adabu zote nilizofunzwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiwa wima, nikigonga hewa iliyo mbele yangu. Mlango hauna habari. Nyuma yangu wanafunzi wenzangu wanapita mmoja mmoja, wanalala chali, wanabisha kwa kisogo, wanafunguliwa, wanatoweka ndani. Mmoja wao nilikuwa namwandikia majibu darasani. Alipolala akanionea huruma kwa macho, kisha mlango ukammeza.

Vijiti vikaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba si lazima nilale mwili mzima. Inatosha nigeuze mkono, antena ilale, nibishe nayo.

Neno hilo likanipanda kichwani. Nikasema sitageuza mkono kwa mlango. Nikapiga hatua ya kuondoka kwa heshima, na kwa kuwa mlango ulikuwa sakafuni na mimi siangalii chini ninapoondoka kwa heshima, nikautumbukia.

Nikaangukia saluni.

Ni saluni ya kawaida: kioo, beseni, harufu ya mafuta, kalenda ya mwaka uliopita. Katikati kuna kiti cha kuzunguka, na kwenye kiti amekaa mwanamke mwenye umbo la mkate wa boflo, pembe zake nne zimenyooka, amevaa kitenge cha vioo vidogovidogo vinavyometa juani. Kiti kinazunguka polepole, bila kusukumwa. Msusi wake, jina lake Mwanahija, anamsuka huku akizunguka naye, na nywele zenyewe ni nne tu, ngumu, za bati, zimechomoza kila upande. Nikajua huyu ndiye Bi Kisanduku.

Nikamwamkia. Akanipokea wakati uso wake unapita, na uso ulipokwenda upande wa pili sauti ikafifia naye.

"Wewe ndiye uliye...," akasema, akazunguka, kukawa na mkwaruzo kama samaki kikaangoni, kisha akarudi, "...na nywele zangu zimejaa."

"Samahani, katikati sikupata," nikasema.

"Kila anayesema kupitia kwangu," akasema, na safari hii akawahi kumaliza, "maneno yake yananasa nyweleni mwangu."

Nikampongeza kwa matamshi yake. Sijui kwa nini. Mtu anayesema vizuri nampongeza hata nikiwa nazama.

Mwanahija akapitisha chanuo. Yakadondoka maneno ya watu: salamu za Lubumbashi, hali ya hewa ya Nairobi, kikohozi cha mzee mmoja ambaye haachi kusema kwamba anasikika vizuri. Halafu chanuo likakwama. Akavuta, akavuta, Bi Kisanduku akafumba macho, na kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio wa kijiko. Wote tukainama kukitazama. Lilikuwa neno "mwenyekiti". Limekaa zima, herufi zote mahali pake, linang'aa.

"La nani hili?" Mwanahija akauliza.

Saluni yote ikanitazama, pamoja na kalenda.

"Langu," nikasema. "Na mkilitazama vizuri, limetengenezwa vizuri."

Bi Kisanduku akanieleza kwamba linamwuma tangu siku ile, kila akigeukia upande wa kusini. Nikamwambia halikuwa lake, lilikuwa la dada yangu, yeye alikuwa njia tu. Akasema njia nayo ina mgongo. Nikabadilisha mazungumzo, nikamwuliza jina la mtoto.

Dirishani nchi inapita. Nikiwa nauliza naona Lubumbashi ikiondoka, mashimo yake ya shaba yamefunguka kama midomo. Vilima vinafuata, misitu inafuata, na mbele kabisa, upande wa kwetu, naona milima ya Usambara inasogea, mikubwa, myeusi, haina haraka. Mwanahija akaniambia saluni ikifika nyuma ya milima ile inafungwa. Anafunga yeye mwenyewe na kufuli analo.

"Jina lipo," Bi Kisanduku akasema. "Linapita hapa sasa hivi. Dada yako analisema tangu umeingia."

"Mbona silisikii?"

"Tazama."

Nikatazama dirishani. Ni Songea. Naiona nyumba ya dada, paa lake halipo, na ndani dada yangu Siwatu yuko kitandani. Amelala ubavu, ananyonyesha. Kichwa cha mtoto kimezama kwenye mkono wake, nywele zipo kama mama alivyosema. Redio imeegemezwa kwenye mto, karibu na shavu lake. Midomo yake inasogea. Inasema kitu kilekile, inanyamaza, inasubiri, inakisema tena, kama mtu anayemwita paka aliyepotea huku ameazimia asionekane anamwita.

Masikioni mwangu samaki anakaangwa.

"Yeye amelala," Bi Kisanduku akasema, uso unapita. "Wewe umesimama kama mlingoti wa bendera. Na hata bendera..." Akazunguka. Sikuipata habari ya bendera.

Vijiti vikanikumbusha, vyote kwa pamoja sasa, kwamba vipo, na kwamba viko tayari, na kwamba dawa ni kitendo kidogo cha mkono ambacho hata mtu anayepindua chapati anakiweza. Mimi nimebana taya. Mkono wangu umenyooka, vidole vimeng'ang'ania bomba, kifundo kimekaza.

Usambara imejaza nusu ya dirisha.

Nikajitetea. Nikasema haya ninayajua vizuri, suala langu halipo kwenye ujuzi. Nikaeleza kwamba nikigeuza mkono sasa, baada ya yote yaliyosemwa, mbele ya kalenda na beseni, dada atahesabu kwamba nimeshuka. Atamwambia mama. Mama atawaambia shangazi. Itaandikwa kwamba Zubeda aliambiwa geuza mkono, akagomba, halafu akageuza. Nikamaliza kwa sentensi ndefu yenye mizani, ambayo kwa bahati mbaya siikumbuki, ila najua ilikuwa nzuri kwa sababu nilitua kidogo baada yake ili isikike.

Kiti kikaacha kuzunguka. Ni mara moja tu kiliacha. Bi Kisanduku akanitazama kwa pembe zake zote nne.

"Nani kakwambia uombe radhi?" akasema. "Tumekwambia ugeuze mkono."

Nimesoma vitabu, nimeshinda midahalo, na mtu mwenye umbo la boflo ameninyamazisha kwa maneno machache, na yote ni Kiswahili cha kawaida.

Kiti kikaanza kuzunguka tena. Sakafu ya saluni inainama. Vitana vinateleza kuelekea ukuta wa kaskazini, beseni linavifuata, na lile neno langu linabiringika likigonga miguu ya watu. Dirishani Songea inakwenda nyuma. Dada ameacha kusema. Ananyoosha mkono kwenye redio, kidole chake kimefika kwenye swichi.

Nikageuza mkono.

Sitasema kwamba ulikuwa mwepesi. Kifundo kililia kama bawaba ya mlango wa nyumba iliyohamwa. Kutu ilidondoka, ya kweli, nyekundu, Mwanahija akasema mwenye uchafu huo aufagie. Vijiti vikapumua, vikalala kimoja baada ya kingine, na cha nyuma kikasema kwa sauti ya mtu anayevua viatu kwamba sasa hapa ndipo panapopimwa.

Na samaki akaacha kukaangwa.

Kwanza nikasikia kitu kidogo sana, kinameza, kinapumzika, kinameza. Nikaelewa ni mtoto. Sauti ilikuwa karibu mno, kana kwamba ananyonya ndani ya sikio langu. Halafu akaja dada.

"Zubeda," akasema. "Umegeuza mkono?"

"Nimegeuza."

"Ilikuuma?"

"Kidogo."

"Ulisema nitazaa mwenyekiti."

"Nilisema."

Mtoto akameza. Usambara ikafunika dirisha lote, giza likaingia saluni, nikasikia Mwanahija anatafuta kufuli.

"Basi nimemzaa," dada akasema. "Ni somo yako."

Kufuli likalia, nami nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, jua limeshaingia dirishani, jogoo wa Mama Shekilindi anawika kwa wima kama kawaida yake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa nje ya shuka, kiganja kimegeuka juu, kifundo kinauma. Hilo sikulijali. Mimi hulala vibaya tangu utoto, na niliwahi kuamka nimekumbatia kiatu. Cheti kilikuwa ukutani, upande, kimya. Antena ilikuwa imeegemea kabati, na haikusema neno. Nikajiambia ni ndoto tu, ya mtu aliyelala na hasira baada ya wali wa jioni.

Halafu nikamsikia mama uani. Alikuwa anazungumza na simu, kwa ile sauti nyembamba ambayo watu wazima huitoa mbele ya kitu kisichozidi urefu wa mkono. Ungo unapepeta huku anazungumza.

"Usilie, Zubeda," alikuwa anasema. "Nyamaza bibi yangu. Zubeda, nyamaza."

"Abee mama," nikaitikia kutoka kitandani.

Ungo ukaacha kupepeta.

Nikasikia simu inakatwa. Nikasikia mama anajikohoza, anasogeza mkeka, anausogeza tena mahali ulipokuwa.

"Sikukuita wewe," akasema.

Nikabaki nimelala nikiangalia dari. Katika nyumba yetu Zubeda ni mimi peke yangu. Kwa Mama Shekilindi hakuna Zubeda. Mbuzi wetu anaitwa Kaunda Suti. Nikalala ubavu, nikauweka mkono ule chini ya shavu, nikakaa hivyo kwa kitambo, na mtu angenisemesha akiwa amesimama nisingemsikia.

Asubuhi hii Kisanduku kinapita. Nimekwisha kuoga, nimekwisha kutia betri za redio, nimetoka uani na antena yangu, na mama amejifanya anatafuta kitu kwenye ungo wa mchele ili asinitazame usoni. Nimejaribu kifundo: kinazunguka, kinalalamika, lakini kinazunguka. Kikichomoza kusini-magharibi nitakifuata, nitalaza antena, nitaisimamisha, nitailaza tena, Lubumbashi wanaona aibu yangu kama wana macho, Nairobi vilevile. Nitamwita somo yangu kwa jina lake kamili, ambalo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote aliye hewani. Nitamwambia mama yake kwamba mkono nimeugeuza, na kwamba ana mtoto mzuri, na kwamba akikua amlete nimfundishe kusema.

Ila dada asingoje jambo jingine. Nilisema atazaa mwenyekiti, na mwenyekiti amezaliwa, na jina lake wamempa wenyewe. Radhi siombi.